Bangili na Kiungo Chake

Tatizo la kwanza la mtengenezaji wa bangili hutokana na umbile la mkono wa binadamu. Kiganja ni kipana kuliko kifundo cha mkono. Bangili inayopita kiganjani kwa urahisi hulegea ikifika mahali pake. Na ile inayokaa vizuri mahali pake haipiti kiganjani. Mafundi wetu wa zamani walilijibu swali hili kwa njia nyingi, na kila jibu lilizaa uzuri wake. Wamasai waliuzungushia mkono waya mara nyingi, hata mizunguko yenyewe ikawa pambo. Masonara wa mwambao waliikata bangili ya fedha vipande viwili, wakaviunga kwa bawaba upande mmoja na kwa kipini upande wa pili. Mafundi wa ushanga walitumia kifungo na kitanzi. Mchonga mpingo peke yake hakuwa na la kufanya: mti haupindiki kama waya, kwa hiyo bangili yake aliichonga pana, akaiacha icheze mkononi.

Siku hizi limezuka jibu jingine, nalo ni sumaku. Katika makala haya tunakusudia kuzipima bangili zinazoungwa kwa sumaku kama mhakiki apimavyo kazi yoyote ya sanaa, tukiuliza swali moja: je, kiungo kinalitumikia umbo, au kimetiwa ili kumstaajabisha mnunuzi tu?

Yuko atakayeuliza sumaku ina nini na utamaduni wa Taifa. Tumjibu kwa kumkumbusha hotuba ya Mwalimu Julius Nyerere ya Desemba 1962, alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Humo alieleza kuwa kuufufua utamaduni wetu hakuna maana ya kukataa kujifunza kwa wengine. Tena tuutazame ushanga wenyewe. Ushanga wa kioo ulitufikia kwa majahazi na meli, mwingi ukitoka Bara Hindi na Ulaya. Ulikuwa mgeni, ukawa mwenyeji kwa sababu mikono ya mama zetu iliupanga kwa rangi na maana ambazo waliouleta hawakuzijua. Basi hata sumaku haihukumiwi kwa kule ilikotoka, ila kwa namna inavyotumiwa.

Kila mwanafunzi wa sekondari amefundishwa kuwa sumaku ina ncha mbili. Ncha zisizofanana huvutana, na zinazofanana husukumana. Fundi akilisahau somo hili, akagandisha sumaku moja kinyume, ncha za bangili yake zitakimbiana. Sumaku za zamani zilikuwa kubwa na nzito mno kwa kazi ya mapambo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wa Japani na wa Marekani walibuni sumaku ya neodimi, chuma na boroni, ambayo kipande chake kidogo kama punje ya mahindi hushika kwa nguvu. Lakini sumaku hii ina tabia zake. Huvunjika upesi na hushika kutu, ndiyo maana mara nyingi huvikwa ngozi nyembamba ya nikeli. Ile ya kawaida huanza kupoteza nguvu joto likizidi nyuzi 80 hivi. Kwa hiyo sonara hana budi kumaliza kulehemu kwanza, ndipo atie sumaku kwa gundi. Na kubwa kuliko yote, hustahimili kuvutwa moja kwa moja, lakini huteleza kwa wepesi ikisukumwa kwa ubavu. Nusu ya makosa tunayoyaona katika bangili hizi yanatokana na kutoijua tabia hiyo ya mwisho.

Aina ya kwanza ya bangili hizi ni ile ambayo kila ushanga ni sumaku. Shanga hizo ni nyeusi, zenye kung'aa, na huitwa jiwe, ingawa nyingi hufinyangwa kwa unga wa oksidi ya chuma uliochomwa motoni. Hapa fundi hakuunga kitu. Ameziachia shanga zishikane zenyewe. Matokeo yake ni kwamba kila ushanga humvuta jirani yake, bangili hujikunja kama mnyororo uliotupwa sakafuni, na hunasa pini na funguo popote mkono upitapo. Kazi hii hustaajabisha kwa siku moja. Siku ya pili mvaaji hutambua kuwa hakuna mpango wa rangi wala wa umbo, kwani sumaku imepewa kazi ya msanii.

Aina ya pili ni ukanda wa ushanga uliotiwa sumaku mwishoni badala ya kifungo na kitanzi. Wazo lenyewe ni jema. Kwa bahati mbaya, mafundi wengi hulaza ncha moja juu ya nyingine, zikashikana bapa kwa bapa. Mkono ukigusa ukingo wa meza, ncha moja huteleza juu ya mwenziwe na bangili huanguka. Dawa yake haihitaji gharama kubwa: ncha moja ifanyiwe tundu na nyingine mdomo wa kuingia humo, ili umbo lizuie kuteleza na sumaku izuie kutengana. Fundi achague pia waya wa shaba, kwa kuwa shaba haivutwi na sumaku, ilhali waya wa chuma huvutwa na kuipinda safu ya shanga. Hata fundi akiyafanya hayo yote, bado tutamuuliza habari ya nakshi. Ikiwa pembetatu nyekundu na nyeupe zimezunguka mkono wote, kisha zikakatwa ghafla na kipande cha nikeli, basi kiungo kimekuwa kiraka.

Aina ya tatu ndiyo iliyotufanya tuiandike makala hii. Tumewahi kushika bangili ya mpingo iliyopasuliwa nusu mbili, ikaunganishwa kwa bawaba ya shaba upande mmoja na kwa sumaku zilizofichwa ndani ya mti upande wa pili. Hatimaye mpingo ulikaa barabara kwenye kifundo cha mkono, bila kucheza. Nakshi ilianza nusu ya kwanza na kumalizikia nusu ya pili, wala haikukatika penye mwanya. Fundi huyo hakuionea haya ile alama ya mkato. Aliifanya kuwa mstari mmojawapo wa nakshi yake.

Hapo sisi tulio watunzi wa mashairi tulijikumbuka. Mshororo wetu nao una vipande viwili, ukwapi na utao, na katikati pana kina na pumziko. Mtunzi dhaifu huliona pumziko hilo kuwa pengo, akalijaza neno lolote ili mizani itimie. Mtunzi hodari huliweka hapo neno ambalo sikio lilikuwa likilingojea. Ustadi wa kazi zote mbili hujulikana mahali vipande vinapokutana.

Kuna jambo jingine ambalo hatuwezi kulinyamazia. Bangili nyingi za sumaku huuzwa kwa madai kwamba hutibu maumivu na kusafisha damu. Majaribio ya kitabibu hayakuthibitisha madai hayo, na chuma kilichomo katika damu yetu hakivutwi na sumaku kama msumari uvutwavyo. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Anayeuza pambo kwa jina la dawa humdhulumu mgonjwa, na pia huitukana sanaa, kana kwamba uzuri hautoshi kuwa sababu ya kununua. Zaidi ya hayo, sumaku ina hatari yake ya kweli: mtoto akimeza mbili, huweza kuvutana ndani ya tumbo na kutoboa utumbo. Wenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo nao hushauriwa kuziweka mbali nacho, angalau sentimita 15. Kwa hiyo sumaku ambayo haikufungiwa imara ndani ya pambo ni kosa la usanifu, hata kama bangili inapendeza.

Hatusemi kwamba kifungo na kitanzi vitupwe. Kitanzi kilimfanya bibi anyooshe mkono na mjukuu amfungie. Sumaku humwezesha bibi huyo, mwenye vidole vilivyokakamaa, kujivika mwenyewe asubuhi asipokuwapo mtu nyumbani. Kila kimoja kina heshima yake.

Tunawaomba walimu wa sanaa na wa fizikia wakutane juu ya jambo hili. Mwanafunzi aletewe bangili tatu, azivute, azisukume ubavuni, kisha afuate nakshi kwa kidole mpaka penye kiungo. Kidole kikipita bila kukwama, na bangili isipofunguka, atakuwa amejifunza masomo mawili kwa mara moja.