Farasi Msemaji na Punda wa Jicho Moja
Katika Black Beauty, riwaya ya Anna Sewell ya mwaka 1877, farasi anasimulia maisha yake mwenyewe, na wenzake wanalalamikia ngozi wanazozibwa macho wasione pembeni. Niliisoma kijijini Shinyanga, tulikokuwa na punda wa kubebea maji aliyepofuka jicho la kushoto.

Kuhusu mateso, Sewell amenishawishi. Kuhusu kuaminiana, amerahisisha mambo: farasi wake anaelewa mengi ya maneno yetu. Punda wetu alinipiga teke kila nilipomjia upande wa giza. Baba akasema, “Mwite kwanza, kisha mshike bega.” Wiki zikapita ndipo akaacha kushtuka.

Hapo ndipo riwaya inapopungua. Imempa mnyama maneno, ikatuondolea sisi kazi ya kujifunza kumwita.