Bili ya Fundi na Bei ya Bandarini

Japani, mwenye gari haachiwi muda mrefu wa kujiuliza kama atengeneze au abadilishe. Gari jipya la binafsi hukaguliwa likitimiza miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, katika ukaguzi wa lazima uitwao shaken. Ada, bima ya lazima, kodi ya uzito na matengenezo huja kwa mkupuo. Gari la petroli likivuka miaka 13, kodi yake ya mwaka nayo hupanda kwa takriban asilimia 15. Wengi huliuza mapema, hata kama injini haina neno.

Baadhi ya magari hayo hushushwa Mombasa na Dar es Salaam, na hesabu hugeuka. Kwa kawaida Kenya haipokei gari la mtumba lenye umri unaozidi miaka 8. Tanzania hulipokea, ila likipita miaka 10 hutozwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, kando ya ushuru wa forodha, na VAT ya asilimia 18 hupigwa juu yake. Mwenye Toyota IST ya 2003 anayelinganisha bili ya fundi na bei ya gari jingine analinganisha, kwa sehemu kubwa, na kodi.

Basi afanyeje moshi wa bluu ukianza kutoka? Fundi wa kubahatisha hutaja injini ya mtumba papo hapo. Anayeijua kazi hupima kompresheni silinda moja moja. Iliyo chini humwagiwa oili kidogo kupitia tundu la plagi, kisha hupimwa tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, valvu hushukiwa. Na zilizo chini zikiwa silinda mbili zilizopakana, hushukiwa gasketi ya silinda hedi. Tofauti ni kubwa mfukoni: gasketi hubadilishwa injini ikiwa ndani ya gari, ringi hudai injini ifunguliwe na kusukwa upya, na hapo tu ndipo injini ya mtumba huwa na hoja.

Wengi huchanganya jambo moja. Tuseme gari lingeuzwa shilingi milioni 6, na bili ni milioni 2. Huonekana ni hasara. Lakini la kuuliza ni milioni hizo zitanunua miezi mingapi ya safari. Zilizolipwa mwaka jana hazimo katika hesabu.

Bodi ndiyo humaliza ubishi. IST haina chesisi ya peke yake. Bodi ndiyo hubeba kila kitu. Kutu ikila sehemu zinazoshika sasipensheni, kuchomelea bati juu yake ni kuificha. Gari la hivyo ni la kuuzwa spea, na injini nzima yenye gia boksi yake haikosi mnunuzi.