Anne Bradstreet na Imani ya Wapuritani

Wapuritani wa Massachusetts waliamini kuwa mali ni amana ya Mungu, na kuililia kupita kiasi ni upungufu wa imani. Uzito wa fundisho hilo waonekana katika shairi la Anne Bradstreet juu ya nyumba yake iliyoteketea mwaka 1666. Kwanza anamshukuru Mungu atoaye na kutwaa. Kisha, apitapo penye majivu, anakumbuka sanduku, meza, na wageni wasiokuja tena. Mwishowe anaukemea moyo wake na kuelekeza macho mbinguni. Wako wauonao mwisho huo kuwa ni ushindi wa dini. Lakini kama moyo ungalikuwa umekwisha kutii, asingalikuwa na haja ya kuukemea. Thamani ya shairi imo katika mvutano huo.