Kutia Saa Majira: Maoni Juu ya Istilahi za Saa za Kompyuta

Mfasiri aandikaye mwongozo kwa watumishi wa kituo cha mpakani cha Horohoro, wilayani Mkinga, hukutana mapema na kifaa ambacho Kiswahili hakijakipa jina lililotulia. Kifaa hicho hunasa mawimbi ya setilaiti za GPS, zibebazo saa za atomi, kikazipa kompyuta wakati wa kuufuata. Wako wanaokiita "saa rejea". Jina hilo halifai. Rejea, kwa mwalimu na mwanafunzi, ni kitabu kinachofunuliwa mtu apatapo shaka. Kifaa hiki hakingoji shaka, hupiga mdundo kila sekunde. Tena chenyewe ni kipokezi tu. Saa inayofuatwa iko angani. Twapendekeza "kipokezi cha majira".

Neno majira halikuokotwa. Saa iendayo mbele au ibakiyo nyuma husemwa imepoteza majira, na kuirekebisha ni kuitia majira. Neno hilohilo, kwa mabaharia, ni njia ya chombo. Kwa nini basi tushike "kusawazisha", kazi ya seremala na ubao wake? Kusawazisha hakuelezi ni ipi inayoifuata nyingine. Kutia majira hueleza.

Si suala la kupamba lugha. Horohoro na Lunga Lunga ya Kenya zote ziko saa tatu mbele ya UTC, lakini kompyuta za forodha zikihitilafiana majira, lori laweza kuandikwa limetoka kabla halijaingia. Naye achaguaye kipokezi hana budi kujua kama kinatoa majira ya GPS au ya UTC, kwani tangu Januari 1, 2017 yale ya GPS yako mbele kwa sekunde 18. Mfasiri ayaitaye yote mawili "saa sahihi" amemficha mnunuzi jambo alilohitaji kuliuliza.

Gumu zaidi ni saa yetu wenyewe. Kompyuta huandika 08:00 pale karani asemapo saa mbili asubuhi. Agizo la "washa kipokezi saa 8" litatekelezwa na mmoja asubuhi, na mwingine baada ya chakula cha mchana. Hapa istilahi haisaidii kitu: mfasiri aandike 08:00, kisha aongeze kwa maneno, "saa mbili asubuhi".

Twangoja maoni ya wasomaji, hasa juu ya "kipokezi", ambalo laweza kuchanganywa na mkono wa simu.