Kuisoma 6¹₀ katika spektra ya benzeni

Katika spektra ya mvuke wa benzeni, bendi iliyo karibu na nanomita 259 huandikwa 6¹₀. Anayeiona kwa mara ya kwanza huidhania kipeo cha hisabati, akapotea hapohapo. Tarakimu kubwa, 6, ni jina la mtetemo. Benzeni ina atomi 12, hivyo ina mitetemo 30. Kumi ni ya pekee na ishirini imo katika jozi kumi zenye nishati sawa, ndiyo maana orodha ya E. B. Wilson ya mwaka 1934 inaishia 20. Tarakimu ndogo ya juu hutaja idadi ya kwanta za mtetemo huo katika hali ya elektroni yenye nishati kubwa, na ya chini hutaja idadi katika hali ya chini. Basi 6¹₀ ni mpito wa molekuli ambayo chini haina kwanta hata moja ya mtetemo wa 6, na juu inayo moja.

Faida ya mwandiko huu huonekana tunapotafuta bendi isiyoonekana. Mpito mtupu wa elektroni, 0⁰₀, haupo kwenye spektra ya mvuke huo kwa kuwa ulinganifu wa pembesita wa pete ya benzeni unauzuia. Mtetemo wa 6 huipotosha pete, kizuizi kikalegea, na mpito ukaazima nguvu kutoka hali nyingine ya elektroni iliyo juu zaidi. Mahali pa 0⁰₀ patajulikanaje? Chukua 6⁰₁, bendi ya joto ambayo nishati yake ni karibu 37,478 cm⁻¹. Huanzia kwa molekuli ambazo tayari zina kwanta moja huko chini, na mtawanyo wa Raman unaonyesha kwanta hiyo ni takriban 608 cm⁻¹. Jumlisha, unapata 38,086, ndipo mahali pa 0⁰₀. Sasa toa 38,086 kwenye 6¹₀, iliyo karibu na 38,607 (ile bendi ya nanomita 259): inabaki 521. Mtetemo uleule umeshuka kutoka 608 hadi 521, kwa sababu elektroni iliyopandishwa imedhoofisha vifungo vya pete. Ugunduzi mzima umetoka kwenye kujumlisha na kutoa, mradi tarakimu za juu na za chini zisomwe sawasawa. Ukiupoza mvuke, 6⁰₁ hufifia, nayo 6¹₀ hubaki.

Vilele vya nanomita 253 na 247 ni 6¹₀1¹₀ na 6¹₀1²₀: hapa huongezwa mtetemo wa 1, ambapo pete nzima inatanuka na kusinyaa, kwa hatua za takriban 923 cm⁻¹.

Mwandiko huu hauna mshale. 6⁰₁ ni jina lilelile mwanga ukifyonzwa au ukitolewa, kwa hiyo mwandishi wa makala lazima aseme ni kipi. Tena, katika orodha nyingine, ya Herzberg, mtetemo wa 6 wa Wilson huitwa 18, na wa 1 huitwa 2. Kabla ya kulinganisha bendi za makala mbili, hakikisha kwanza kila moja imetumia orodha ya nani.