Maji ya Ujiji Ndani ya Tangi la Tabora

Tunasema fulani amelala kama pono, na aliyewahi kuvua usiku kwenye miamba ya pwani anajua kwamba msemo huo haukutungwa kwa kubahatisha. Pono ana ndugu wengi wadogo, wembamba, wenye rangi kali. Huko Ulaya na Marekani wapo watu wanaowafuga sebuleni, ndani ya matangi ya kioo yenye maji ya chumvi waliyoyachanganya wenyewe. Baadhi ya samaki hao, giza likikaribia, hupiga mbizi mchangani wakajifukia wote, wasionekane tena hadi asubuhi. Asiyejua hilo akamwaga kokoto badala ya mchanga laini, samaki wake atajichubua, atakosa pa kulala, na hatadumu. Kwa hiyo mfugaji mzuri hushughulikia mchanga kabla hajamfikiria samaki. Halafu hutafuta kifuniko, maana samaki hao ni warukaji.

Nawaheshimu watu hao. Lakini mtu wa Tabora akitaka kuwaiga nitamshauri aiache bahari mahali ilipo. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walitoka pwani Juni 1857 wakafika Kaze, Tabora ya leo, mwezi Novemba. Hata kwa reli bahari bado ni mbali. Maji yanayomhusu mkazi wa Tabora yako upande wa pili wa njia ile ile ya misafara: kupita Urambo, kuvuka Malagarasi, kupita Uvinza penye visima vya chumvi, hadi Ujiji. Burton na Speke walifika huko Februari 1858. Speke macho yalikuwa yamemharibika kwa ugonjwa, hivyo pale mwenzake alipoliona ziwa yeye aliona ukungu tu.

Ziwa lenyewe limewababaisha hata wenye macho mazima. Mwaka 1883 Mjerumani Richard Böhm, aliyekuwa amekaa Unyamwezi akichunguza ndege na wanyama, aliona Tanganyika konyeza, yule mnyama laini kama ute ambaye kila mtu alidhani makao yake ni baharini. Tayari yalikuwa yamepatikana humo magamba ya konokono mazito, yenye miiba na mistari, yanayofanana na ya pwani. Mwingereza J. E. S. Moore akaja mara mbili kabla ya karne kugeuka, akatoa kitabu mwaka 1903 akishikilia kwamba Tanganyika ni kipande cha bahari ya kale kilichosahaulika barani. Alikosea. Konokono wale walipata umbo hilo humo humo ziwani, ambamo kaa huwavunja magamba wale dhaifu na kuwaacha wenye magamba manene wazaane. Hata hivyo kosa lake naliona la heshima, kwa sababu mtu akizama kwenye miamba ya Kigoma akawaona samaki wa manjano, wa buluu, wa mistari, wakizunguka kila jiwe, atadhani yuko Mafia.

Samaki hao ni wa ukoo wa sato na perege. Ziwa hili lina aina zao zipatazo 250, na karibu zote hazipatikani kwingine duniani. Humo yumo kuhe, ambaye walaji wa Kigoma wanamjua kwa minofu yake, na ambaye ni mkubwa kuliko wote wa ukoo huo humo ziwani. Na humo humo yumo mmoja wa walio wadogo kabisa, Neolamprologus multifasciatus, asiyefikia urefu wa kidole na anayeishi maisha yake yote ndani na kando ya gamba la konokono mfu. Kwa muda mrefu wataalamu waliuweka ukoo huu kundi moja na akina pono, kwa sababu wote wana taya la pili kooni: la mbele linakamata, la nyuma linasaga. Uchunguzi wa vinasaba umewatenganisha tangu hapo. Taya limebaki, na fundi wa matangi akihama kutoka kundi moja kwenda jingine hahitaji kujifunza upya tabia ya kutafuna mchanga na kuutema.

Ufundi wenyewe ni wa maji. Samaki anakuja baadaye sana, na hapo ndipo wengi wanaposhindwa.

Tabora iko katikati ya maziwa mawili, na siku hizi bomba la mjini linaleta maji ya Ziwa Victoria. Ni maji mazuri ya kunywa, lakini ni mepesi, yana madini machache. Tanganyika ni kinyume chake. Pehaichi ya maji yake inakaribia 9, yana magnesiamu nyingi kuliko kalsiamu, na madini yaliyoyeyuka humo ni mara kadhaa ya yale ya Victoria. Samaki wa Ujiji akitiwa katika maji ya bomba la Tabora kama yalivyo hafi siku hiyo. Anafifia rangi, anabana mapezi, anakataa chakula, na mwenye tangi anaanza kununua dawa za ugonjwa usiokuwepo.

Mtu mwenye haraka atawaza chumvi ya Uvinza, kwa kuwa imetoka upande huo huo wa njia. Haifai. Ile ni chumvi ya mboga, na Tanganyika si ziwa la chumvi ya mboga. Magadi ya maharage nayo yanapandisha pehaichi ya maji ghafla, na nguvu yake haipimiki kirahisi. Fundi anatumia soda safi ya kuokea mikate pamoja na chumvi ya Epsom, ile ya kuharisha inayouzwa duka la dawa. Anapima kwa kijiko na kuandika kwenye daftari alichoweka. Maji anayaacha kwenye ndoo usiku kucha, pampu ndogo ikitoa mapovu, ili klorini itoke na madini yachanganyike, ndipo ayamimine. Akiweka na vipande vya chokaa au mchanga wa matumbawe ndani ya chujio, pehaichi ya maji haitamshukia kwa ghafla. Joto kwa sehemu kubwa ya mwaka halimsumbui, kwani ziwa lina nyuzi kama 25 hivi; ni Juni na Julai, kibaridi cha Tabora kinapoingia usiku, ndipo atahitaji kipashio.

Kisha anasubiri, tangi likiwa na maji na mchanga bila samaki hata mmoja. Mgeni akiuliza mbona umeweka kioo cha maji matupu mezani, jibu lake ni kwamba kuna wanaofugwa humo, ila hawaonekani. Ni bakteria. Mkojo na kinyesi cha samaki hutoa amonia; bakteria wa kwanza huigeuza nitriti, wa pili huigeuza nitreti, ambayo si ya kutisha ikiwa kidogo na maji yakibadilishwa. Bakteria hao huhitaji wiki nyingi kujijenga kwenye mchanga na sponji ya chujio. Katika maji laini amonia kidogo inaweza kuvumilika. Katika maji ya Tanganyika, kadiri pehaichi inavyopanda ndivyo amonia inavyogeuka kuwa ile ya kuua, kwa hiyo kiasi kile kile ambacho perege wa bwawani angekistahimili kinamaliza tangi zima. Anayefuga samaki wa ziwa hili amechagua maji yasiyosamehe. Namvulia kofia yule anayeweza kulitazama tangi tupu kila jioni, akilitia punje ya chakula ili bakteria wapate riziki, na asishawishike.

Siku ya samaki ikifika, kazi ya fundi imekwisha kwa sehemu kubwa, na ya samaki inaanza. Chini pawe na mchanga laini, wa kina cha vidole vinne hivi, na magamba ya konokono yametawanywa ovyo. Ziwani magamba haya ni ya konokono Neothauma, na yamelala sakafuni kwa maeneo mapana. Maji yenye kalsiamu hayayayeyushi, hivyo mengine yana umri wa mamia ya miaka, yalikuwepo kabla shanga za sofi hazijawa fedha ya soko la Ujiji. Wafugaji wa Ulaya hutumia magamba ya konokono wanaoliwa na Wafaransa, na samaki hawalalamiki.

Mtie Lamprologus ocellatus humo. Kwanza atakaa kimya, akilizunguka gamba moja na kuingiza kichwa, kisha mkia, akilipima. Halafu anaanza kuchimba. Anakombea mchanga mdomoni upande mmoja wa gamba na kuutema mbali. Gamba linainama kuelekea shimoni. Anahamia upande wa pili. Anapiga mkia, mchanga unaruka na kulifunika. Kabla hujalala gamba limezama lote, mdomo wake tu umebaki wazi, umeelekea juu, sawasawa na uso wa mchanga. Magamba asiyoyataka anayafukia kabisa ili mpinzani asiyaone. Mdogo wake multifasciatus anafanya kinyume: anahamisha mchanga kutoka kati ya magamba hadi shimo linabaki, na ukoo mzima, wazee kwa watoto, unakaa humo kila mmoja na mlango wake. Ukiingiza mkono kupanga upya kwa sababu hukupenda mandhari, keshokutwa utakuta wamerudisha walivyotaka. Wana haki.

Yupo wa tatu, ambaye kwa Tabora ningemwita pagazi bila kusita. Dume la Lamprologus callipterus ni kubwa mara nyingi kuliko jike, halienei ndani ya gamba lolote. Badala yake linabeba magamba kwa mdomo, moja moja, na kuyakusanya mahali pamoja ili majike yaje yatage humo. Wakati mwingine linaiba gamba kwa jirani na kulibeba na jike ndani yake. Kwa tangi la sebuleni simshauri mtu amlete. Nafasi haitoshi na ugomvi hauishi.

Wanaowatoa samaki ziwani wana ufundi wao ambao mnunuzi haoni. Biashara hii ilishika kasi upande wa Burundi miaka ya 1970 kupitia Mbelgiji Pierre Brichard, ambaye jina lake limebaki kwenye Neolamprologus brichardi. Samaki wa ukoo huu hawezi kutoa hewa ya kibofu chake kwa mdomo. Akiinuliwa kutoka mita 10 hadi juu kwa mara moja, hewa hiyo inafura maradufu, naye anaelea tumbo juu. Kwa hiyo mzamiaji anamweka kwenye kizimba na kukipandisha kidogo kidogo, akisubiri damu ya samaki iinyonye hewa hiyo. Kabla ya safari halishwi, ili asichafue maji ya mfuko, na sehemu kubwa ya mfuko huo ni oksijeni, si maji.

Kwa wale wa magambani mara nyingi safari hizo si lazima. Wakitulia wanazaana mpaka tangi linajaa, na mwenyewe anaanza kutafuta wa kumpunguzia. Kuwakamata ni rahisi: inua gamba, maji yamwagike taratibu ndani ya ndoo, na samaki atateremka nayo. Ila rafiki aliyekuja na ndoo siku hiyo arudi nyumbani na kipande cha sponji kutoka kwenye chujio, kikiwa bado kimelowa, akakitie katika tangi lake alilokwisha kuliwekea soda na chumvi ya Epsom. Samaki atawafuata bakteria hao wa sponjini wiki zijazo.