Ruhusa kwa Kipimo

Ukitaka kumjua fundi wa mashine pepe, mtazame hati yake ya usakinishaji inapokwama katikati kwa kukosa ruhusa. Mwenye pupa hupiga chmod 777, kila mtu akasoma, akaandika na akaendesha apendavyo. Kosa likaondoka, ulinzi nao ukaondoka. Fundi huuliza kwanza: aliyekataliwa ni nani, na amezuiwa wapi?

Mara nyingi faili lenyewe halina hatia. Katika Linux, kulifikia faili kunataka ruhusa ya kupita kila folda iliyo njiani. Basi fundi hupiga namei -l, amri inayotaja mmiliki na ruhusa za kila hatua ya njia hiyo, na hapo folda iliyofungwa hujitokeza. Kwenye folda inayoshirikiwa kupitia VirtualBox, programu ya kuendeshea mashine pepe, hajisumbui na chown, amri ya kubadili mmiliki, maana humo haifui dafu: umiliki hupangwa wakati wa kuiunganisha folda, kwa kutaja namba ya mtumiaji na ya kikundi.

Umakini wake huonekana zaidi kwenye vitu vidogo. Katika Ansible, zana ya kusanidi mashine, ruhusa ya faili huiandika '0644', sifuri mbele na alama za nukuu pembeni. Ukiandika 644 tupu, husomwa kwa hesabu ya kumi, na kwa hesabu ya nane ambayo Linux huitumia kwa ruhusa, namba hiyo ni 1204: mmiliki anaweza kuandika lakini hawezi kusoma, ilhali watu baki wanasoma. Mwenye nyumba kafungiwa nje, wapita njia wako sebuleni!

Mamlaka ya root, msimamizi mkuu wa mfumo, haombei hati nzima, bali hatua inayoyahitaji, kama kusakinisha programu. Kazi nyingine humwachia mtumiaji wa kawaida, ili mafaili ya mradi yasije yakamilikiwa na root na kumgomea mwenyewe baadaye. Na akibadili kanuni za sudo, amri inayompa mtumiaji mamlaka hayo, faili jipya la kanuni haliwekwi mahali pake mpaka amri ya visudo ilikague, kwani kosa dogo la uandishi laweza kumnyima kila mtu sudo.

Kisha huibomoa mashine na kuijenga upya, halafu huiendesha hati mara ya pili akitarajia ripoti kwamba hakuna kilichobadilika. Hapo ndipo viraka hujulikana: chmod iliyopigwa kwa mkono ndani ya mashine iliyobomolewa imekufa pamoja nayo.